Zamu ya Maji na Bao la Moshono

Siku ile ya bao naikumbuka hadi leo, mwanangu. Ilikuwa enzi za Mjerumani. Baba alikuwa amekamatwa kwenda kubeba mawe ya kujengea boma. Nyumbani, kijijini kwetu Sokon, nikabaki mwanamume peke yangu, pamoja na mama na mdogo wangu Nairoshi, aliyekuwa bado ananyonya.

Mvua zilikuwa zimegoma. Ulezi wetu shambani ulitegemea mfereji unaoshuka kutoka mlimani, na maji yake yalikwenda kwa zamu: asubuhi yako ikipita hujazibua, jirani anachukua, nawe unangoja mpaka zamu izunguke. Mama akaniambia, "Kesho usiende popote. Tukikosa maji haya, hatuvuni."

Nikaitikia. Lakini kesho hiyo ndiyo vijana wa Sokon na wa Moshono, kijiji jirani, walikuwa wanamaliza mashindano ya bao, na tuliobaki ni mimi na Lemali wa Moshono. Hapakuwa na bingwa pale, wote tulikuwa wa kubahatisha tu. Nikajidanganya kwamba nitamfunga upesi, niwahi mfereji. Kumbe Lemali ni mtu wa kufikiri. Anahesabu mashimo, anaguna, anahesabu tena. Jua likapanda. Mimi nasema moyoni, bado kidogo. Mwisho nikamla kete zote, wenzangu wakanibeba juu juu, nami nacheka.

Nilipofika shambani maji yalikuwa kwa jirani. Mzee wa mfereji, aliyegawa zamu, alikuwa amekaa ukingoni. Nikainamisha kichwa anishike, ndivyo wazee walivyotusalimu. Hakunishika.

"Mama yako alikuja na mtoto mgongoni," akasema, "akaniomba azibue mwenyewe. Nikamwambia mwanamke hagusi mfereji, mwanao yuko njiani. Nimekutetea mpaka jua likawa utosini."

Ulezi ulikauka kabla zamu haijarudi. Maziwa ya mama yakakatika. Nairoshi hakuimaliza njaa ile. Na mama hakunitukana hata siku moja, heri angenitukana.

Husemwa majuto ni mjukuu. Yangu yamezeeka pamoja nami, na dawa yake sijaiona.

Basi nisikilize, mwanangu. Cheza, ujana una michezo yake. Ila kazi uliyoachiwa wewe peke yako, itangulize, maana anayekutegemea hana mwingine wa kumkimbilia. Usiseme bado kidogo. Mungu akupe masikio ya kusikia mapema, akupe uzee mrefu, na watoto wako wote waje wakuzike wewe.