Bibi Loisi na Kitabu cha Likizo

Mama yangu, Bibi Loisi, hajui kusoma, na mtu asikudanganye kwamba jambo hilo liliwahi kumkosesha usingizi. Miaka yote amelima mtama wake kwenye miteremko ya Kibakwe, kanisani anaimba nyimbo zote kwa kichwa, na ukimletea karatasi anakwambia, "Nisomee upesi, nina kazi." Vitabu vilimwingia baada ya baba kufariki, nilipompelekea mwanangu Paulina akakae naye ili nyumba isiwe kimya mno. Mimi nilibaki Nzuguni, huku mjini, na biashara yangu ya chakula cha mchana.

Shuleni kwa Paulina, Mwalimu Geofrey ana utaratibu wake. Likizo ya Juni kila mwanafunzi wa kidato cha pili anabeba kitabu kimoja cha hadithi kwenda nacho nyumbani, anakisoma, na shule ikifunguliwa anawasimulia wenzake. Vitabu vyenyewe vinapatikana kwa kubahatisha, ukipoteza kimoja utamtambua mwalimu huyo ni nani. Paulina alipewa hadithi ya msichana aliyekwenda kusoma mbali, akamwacha mama yake peke yake. Kitabu kilikuwa kimechakaa, jalada limeshonwa kwa uzi.

Jioni, kazi ya kupura mtama ikiisha, mama alikaa jikoni karibu na moto, Paulina akamsomea. Kiswahili cha mama ni cha sokoni, cha kuuzia kuku. Kile cha vitabuni kinampita. Basi mtoto anasoma kipande, anakigeuza kwa Kigogo, mama anaguna, anamsema vibaya baba wa kwenye hadithi aliyewakimbia, anauliza huyo msichana huko aliko anakula nini. Jirani yake Lydia aliniambia hajamwona mama akicheka namna ile tangu msiba.

Nilipanda Kibakwe likizo inakaribia kuisha, kumchukua Paulina moja kwa moja. Nilikuwa nimeshampatia nafasi kwenye shule ya huku mjini, karibu na ninapokaa. Mama alijua. Nilimwambia tangu Pasaka, akanijibu, "Haya." Sasa kama unamjua mama yangu, hiyo "haya" yake si ya kuiamini.

Nafika, namkuta Paulina macho mekundu. Kitabu hakionekani. Amepekua chini ya kitanda, amepekua jikoni, mpaka zizini kwa mbuzi ameingia. Na Mwalimu Geofrey alishasema bila kumung'unya maneno: kitabu kirudi kwanza, ndipo ashughulikie uhamisho. Mama yumo tu uani anapepeta mtama, ametulia, wala hasaidii kutafuta. Hapo nikashtuka. Huyu mama sindano yake ikipotea nyumba nzima haikai.

"Mama, kitabu cha mtoto kiko wapi?"

"Kipo. Nimekiweka ambako mchwa hawafiki."

Akainua kidevu kuelekea kihenge, lile ghala lake la fito lililokandikwa udongo. Kilikuwa kimejaa mtama, mdomo umezibwa kwa udongo na samadi, na vyote vimeshakauka. Kwetu kihenge kikishazibwa hakiguswi mpaka mvua za kwanza. Wazee wanasema ukikifungua mapema unaikaribisha njaa, na hata kama huyaamini hayo, dumuzi wapo, wale wadudu wanaogeuza punje kuwa vumbi, nao hawahitaji mlango mkubwa.

"Mama, kitabu ni mtama?" Nilikuwa nimeshapandwa na hasira. "Mchwa gani hao wa kukufanya uzike kitabu cha watu?"

Akaendelea kupepeta. Kisha akasema bila kunitazama, "Zimebaki kurasa chache. Zikiisha, mnaondoka."

Ningefurahi zaidi kama angenitukana. Paulina naye alisikia, lakini mtoto wa umri ule anasikia lake tu. "Bibi, umeniibia," akasema, akaingia ndani na kununa.

Neno hilo lilimchoma. Mama akaweka ungo chini, akachukua panga, akapanda juu ya kigoda kwenda kubomoa mdomo wa kihenge mwenyewe. Nikamwambia angoje, nitaongea na mwalimu, namna haikosekani.

"Niache," akasema. "Mtoto ameniita mwizi."

Udongo ukamwangukia kichwani. Akaingiza mkono mpaka begani, akakitoa kitabu, akakifuta kwa kitenge chake, akampelekea Paulina kwa mikono miwili. "Nimalizie," akamwambia.

Paulina akasoma. Alisoma harakaharaka, kwa Kiswahili kile kile cha kitabuni, hadi mwisho bila kugeuza hata neno moja. Mama alikaa mbele yake, kiganja shavuni, anamtazama mdomo. Hakuguna hata mara moja, maana hakujua pa kuguna. Nilitamani kumfinya yule mtoto. Nilipofungua mdomo nigeuze mimi, mama akaniinulia kidole ninyamaze. Kitabu kikaisha. "Ahsante, mjukuu wangu," akasema, akatoka kwenda kukanda udongo wa kuziba upya.

Tuliondoka kesho yake. Udongo ule wa haraka haukushika, ulipasuka ulipokauka, dumuzi wakaingia. Kufikia Novemba mama alikuwa anakula unga ninaomtumia mimi kwa basi, na hanung'uniki, jambo linalonitisha zaidi. Paulina hasira zilimwisha zamani. Siku nyingine namkuta amekaa tu, nikimuuliza ana nini, anasema hana kitu.

Juzi mama alipiga kwa simu ya Lydia, akamtaka Paulina. Niliweka spika kwa sababu tulikuwa tunamenya viazi wote wawili.

"Mjukuu wangu," mama akasema kwa Kigogo, "nimekuwa nikijiuliza. Yule msichana wa kwenye kitabu, alirudi kwao?"

Hakurudi. Mimi nilikuwepo, nilisikia kwa masikio yangu: alipata kazi hukohuko mbali, akabaki. Paulina akanitazama, kisu kimesimama juu ya kiazi.

"Alirudi, bibi."

Nilisikia kuku wake wakilia huko uani.

"Lini?" akauliza.

Paulina akanisogezea simu, nijibu mimi.