Radi Yenye Mkwaruzo

Mimi siogopi radi, hata ipasue ukuta. Basi leo radi ya bati imenirusha kutoka kitini, na chai yote imeishia kwenye gauni.

Ni asubuhi, jua linawaka nje. Ndani ya studio ya redio, nilikokuja kuandika makala ya gazeti, kunanyesha. Mwanamke wa miaka hamsini na nane, ambaye wenzake humwita Mama Radi, anazungusha mchele kwenye sinia huku msomaji akisoma hadithi ya mwizi aliyejificha darini. Kisha anashika bati lililoning'inia na kulitikisa. Linanguruma, halafu linamalizia kwa mkwaruzo: krrr.

"Kona imechanika," anasema wakati wa mapumziko. "Walitaka kuliziba. Nikawaambia, mkiliziba mmenizika. Hiyo krrr ndiyo mimi."

Kazi hii ya kuigiza sauti za hadithi ameifanya miaka thelathini, na ina kanuni zake.

"Manyunyu, mtu anaficha kitu. Upepo, mwongo kaingia. Radi, siri imetoka. Mwandishi akiniwekea radi kabla ya siri, namrudishia karatasi zake."

Upepo anautoa kwa kusugua kitambaa kwenye ubao. Nyumbani alitumia mdomo.

"Huo ndio uliomkimbiza mume wangu. Akisema alichelewa kazini, napuliza tu: fyuuu. Anakiri mwenyewe, maskini. Mwisho akachoka kukiri."

Aliachiwa binti mmoja, ambaye sasa yuko mwaka wa pili chuo cha uuguzi. Mshahara hauumalizi mwezi.

"Mvua ya juzi tuliila," anasema, akiligonga sinia la mchele kwa kidole.

Anachotaka ni kimoja: kubaki kazini mpaka binti amalize chuo. Lakini wiki iliyopita ililetwa kompyuta mpya chumba cha pili, pamoja na mafundi wawili wanaonyamaza kila akiingia.

Kabla sijaaga, anaingia mkuu wa vipindi, kijana anayeweza kuwa mwanawe. Mama Radi hazungushi maneno.

"Mwanangu, niambie kweli. Ile mashine imekuja kuchukua kazi yangu?"

"Aa, mama yangu! Nani akutoe wewe? Ile ni ya muziki tu. Wewe upo hapa mpaka useme mwenyewe umechoka."

Mama Radi anachukua kitambaa na kuanza kusugua ubao, taratibu. Upepo unavuma studio nzima. Msomaji anainamia karatasi zake kuficha kicheko.

"Mama naye kwa utani!" anasema mkuu. "Haki ya Mungu, ni ya muziki."

Hapo, nyuma ya ukuta, kutoka chumba cha pili, radi inanguruma.

Sote tunaligeukia bati. Limening'inia, limetulia tuli, hakuna aliyeligusa. Radi inavuma mpaka mwisho wake, kisha inamalizia: krrr.

Kitambaa kinasimama juu ya ubao.

"Mlinirekodi lini?" anauliza Mama Radi.