Kesi ya Mwanafunzi Aliyesikia Baridi

Kabla sijaja Riyadh nilikuwa mwigizaji. Sikuwa wa runinga. Nilikuwa katika kikundi kilichozunguka shule za sekondari magharibi mwa Kenya kikiwaigizia wanafunzi vitabu vyao vya mtihani. Tulilala madarasani, tukabadilisha nguo nyuma ya mabweni, na kuna siku nilikuwa mama mkwe, mganga na chifu katika mchezo mmoja. Kikundi kilipovunjika nikatafuta ajenti, na ajenti akanipatia kazi ya ndani mtaa wa Al-Suwaidi. Akanionya nisimwambie mtu yeyote kule kwamba niliwahi kuigiza. Alisema wataniona mwongo.

Katika nyumba ile kulikuwa na madam, bosi, watoto na dereva. Dereva alikuwa Mkenya mwenzangu, kijana wa Nakuru, mrefu, mwembamba, mwenye uso usioweza kuficha kitu. Ijumaa baada ya chakula cha mchana madam aliniruhusu kutoka, jambo ambalo wafanyakazi wengi wa ndani hawalipati, na dereva alikuwa akinipeleka mtaa wa Al-Shumaisi. Huko tulikusanyika nyumbani kwa mama mmoja wa Kisii aliyeishi Riyadh miaka mingi na mumewe, fundi wa umeme. Alitupikia chapati na maharagwe, tukaongea Kiswahili mpaka koo zikauma.

Ijumaa moja ya kiangazi AC yake ilikufa. Tulikaa sakafuni tukijipepea na vipande vya katoni, jasho likitutiririka mgongoni, dereva akasema, "Kuna msee alinyongwa kwa sababu ya kusikia baridi."

Tukamwambia aache mchezo. Akasema ni kweli, amesoma kwenye simu akimsubiri bosi. Zaidi ya miaka mia tatu iliyopita, huko Uskoti, palikuwa na mwanafunzi wa chuo kikuu aliyependa kuwatania wenzake kuhusu vitabu vya dini. Usiku mmoja wa baridi kali, wakitembea barabarani, akasema afadhali angekuwa jehanamu apate joto kidogo. Wenzake wakacheka, wakaenda zao. Baadaye walisimama mahakamani, mmoja baada ya mwingine, wakatoa ushahidi juu yake. Kijana akatubu, akaomba asamehewe. Wachungaji wa mji wakasema hapana. Akanyongwa kwa kosa la kukufuru, naye ana miaka ishirini tu.

"Angekuja hapa Shumaisi leo," mama mwenye nyumba akasema, "asingetamani joto."

Tulicheka sana. Halafu mwanamke mmoja wa Mombasa, aliyefanya kazi kwa familia ya jirani yetu, akauliza, "Na hao rafiki zake, mbona walimchongea?"

"Waliogopa," dereva akasema. "Wao pia walikuwa wamecheka."

Kicheko kikakatika. Kila mmoja chumbani alimjua mtu wa namna hiyo. Mimi mwenyewe nilimjua dada aliyerudishwa kwao kwa sababu mwenzake wa jikoni alipeleka maneno kwa madam. Nikajikuta nimesimama, katoni ingali mkononi, nikasema, "Huu ni mchezo. Tena wa kuchekesha, na wenye nyimbo."

Tulianza kuutunga siku ileile. Dereva angekuwa mwanafunzi. Mimi ningekuwa rafiki zake wote, nikibadilisha kofia. Tulimtaka mwanamke wa Mombasa awe hakimu kwa sababu sauti yake ilijaza nyumba, lakini akakataa.

"Mie ni Mwislamu," akasema. "Sikai mahali mtu anamtukana Mungu, hata kama ni kwa kuigiza, hata kama ni wa dini nyingine. Hilo mnisamehe."

Nilikasirika. Nikamwambia bila yale maneno hakuna kesi. Akaendelea kula. Alipomaliza akanawa, akachukua sufuria ya maharagwe yaliyokwisha na mwiko, akarudi nayo.

"Hebu sema hayo maneno," akamwambia dereva.

Dereva alipofungua mdomo tu, sufuria ikalia. Akafunga, ikanyamaza. Akajaribu kuchomeka neno upesi, sufuria ikamkuta. Watu walilala chini kwa kucheka. "Hakuna atakayeyasikia," mwanamke yule akasema. "Mashahidi waje waseme walisikia nini. Hapo mie nitakuwa hakimu."

Alikuwa sahihi kuliko mimi. Kila shahidi alikuja na maneno yake. Mmoja aliapa kijana alitukana malaika, mwingine aliapa aliimba, wa tatu alisema hakusikia kitu ila amekuja kwa sababu wenzake wamekuja. Hakimu alivaa abaya yake nyeusi na kichwa cha mopu mpya kama nywele za mahakimu wa Kizungu, na hukumu aliitoa kwa taarabu.

Aliyetupinga hakuwa Msaudi. Alikuwa Mkenya mwenzetu, mzee aliyeongoza maombi ya siri ya Wakristo katika nyumba za watu. Alikuja siku ya mazoezi, akatazama, akaniita pembeni.

"Binti yangu, sisi wenyewe tunamwomba Mungu kwa kunong'ona," akasema. "Wewe unataka kuimba neno kufuru katika nchi hii?"

"Mzee, hatumkufuru mtu. Tunawacheka waliomnyonga."

"Waliomnyonga walikuwa watu wa kanisa."

"Ndiyo," nikasema. "Hao hasa."

Akaniambia nitawaponza wote. Hofu yake ilikuwa ya kweli, na sikuidharau. Lakini nilikuwa nimekaa nchi ile muda mrefu nikisema naam madam, tayari madam, na nilipoisikia sauti yangu ikimjibu, niliifurahia. Tukaigiza Ijumaa iliyofuata, milango imefungwa, chumba kimejaa mpaka watu wakakaa juu ya friza. Habari zikasambaa kwa simu. Waganda wa Riyadh wakatuita kwao, tukaenda. Halafu wanawake wa Jeddah wakatuma ujumbe kwamba wao pia wana hamu ya kucheka.

Jeddah kwa basi ni safari ya siku nzima, na nani angetupa ruhusa? Bahati ikatuangukia. Shule zilipofungwa, madam aliamua kuwapeleka watoto kwa mama yake Jeddah, na sisi wawili, dereva na mimi, tukaenda nao. Mwanamke wa Mombasa akaomba kwa madam wake ruhusa ya kwenda umra, akapanda basi la mahujaji.

"Umra kwanza," alituambia. "Nikimaliza ibada yangu nitakuja kumhukumu mtu."

Wenyeji wetu walikodi istiraha nje ya mji, nyumba ya mapumziko yenye uwanja na ukuta mrefu, ambako familia huchoma nyama. Walisema ni sherehe ya kuzaliwa, wakaleta na keki. Hewa ya Jeddah ilikuwa nzito kama blanketi lililoloa. Walikuja wafanyakazi wa ndani, wasafishaji wa hospitali, madereva na walinzi, na katika safu ya mbele, sikutarajia, nilimwona yule mzee wa maombi. Kampuni yake ilikuwa imemhamishia huko.

Tulifika kwenye kesi. Nilikuwa shahidi wa pili, kofia imeinama, sufuria inalia, watu wanafuta machozi. Mzee akasimama.

"Inatosha," akasema kwa sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. "Jamani, tuna watoto nyumbani wanaotutegemea. Nani atawalisha tukikamatwa hapa kwa mzaha? Zimeni huo muziki."

Waliokuwa karibu na lango wakaanza kutafuta viatu vyao. Dereva alinitazama. Ndipo hakimu akainuka kwenye kiti chake cha plastiki, mopu kichwani, akamgeukia mzee.

"Baba," akasema kwa adabu kabisa, "mahakama inakuona. Wewe ni shahidi wa ngapi?"

Hakuna aliyecheka mara moja. Halafu mwanamke mmoja nyuma akacheka peke yake, kisha mwingine, kisha uwanja mzima. Mzee alibaki amesimama. Nadhani alitaka kuondoka, lakini angelazimika kupita katikati ya watu. Akakaa. Hakimu akampungia mkono kwa heshima, akaniambia, "Endelea na uwongo wako."

Tulimaliza. Mwisho wa mchezo hauchekeshi, hatukukubali uchekeshe. Mwanafunzi anaomba asamehewe, na safari hii sufuria hailii, kila mtu anamsikia. Anasema amekosea miaka michache tu na anaomba miaka mingi ya kutubu. Hakimu anageuza uso. Mimi navua kofia zote naziweka chini. Tunaimba bila ngoma. Usiku ule, walioanza kutafuta viatu waliimba nasi.

Mtu alitupiga video. Kabla hatujarudi Riyadh ilikuwa imemfikia madam, kupitia simu ya mfanyakazi wa shangazi yake. Aliniita sebuleni, akanyoosha simu.

"Huyu ni wewe?"

"Ni mimi, madam."

Nilimweleza kwa Kiarabu changu cha jikoni: nchi ya mbali, watu wa dini yangu, mwanafunzi, baridi. Alitazama video yote, kisha akaitazama tena. Mtoto wake wa kwanza alikuwa anasoma ng'ambo.

"Alikuwa na miaka mingapi?"

"Ishirini hivi."

"Mama yake hakuja kumwombea?"

"Wanasema alikuwa yatima, madam."

Aliweka simu mezani, ikiangalia chini. "Halas, basi," akasema. "Usiigize tena. Watu wataniuliza mimi."

"Madam," nikasema, "kazi yako nitaifanya vizuri kama kawaida. Lakini nitaigiza."

Alininyang'anya Ijumaa zangu. Sikugombana naye. Tuliporudi Riyadh, kila Ijumaa nilimaliza vyombo, nikaoga, nikavaa abaya, nikachukua mkoba, nikasimama mlangoni mahali ambapo lazima angeniona. "Naenda, madam?" Akajibu, "Mafi," yaani hakuna. Nikarudi chumbani, nikavua. Ijumaa iliyofuata nikavaa tena. Watoto wakaanza kumwuliza kwa nini nasimama pale. Bosi naye akauliza. Siku moja madam alikuwa anakunywa kahawa, akaniona nimesimama, akashusha pumzi, akasema bila kunitazama, "Rudi kabla ya Maghribi." Nikatoka kabla hajabadilisha mawazo.

Dereva mkataba wake uliisha na bosi hakuurefusha. Hakutuambia sababu. Dereva mwenyewe alisema ni mambo ya kawaida, akaagana na kila mtu akichekesha, lakini alipomkumbatia mama mwenye nyumba alikaa hapo kidogo. Siku hizi anaendesha lori Nakuru.

Wengine walidhani mchezo umekufa. Mwanamke wa Mombasa akaniambia, "Wewe unayajua maneno yake yote. Vaa suruali." Kofia za mashahidi tulimpa msichana mpya kutoka Mbale, mkali kidogo, mwenye macho ya kuona kila kitu. Nikavaa suruali.

Nilikuwa nimecheza wasaliti muda wote, nikawacheza vizuri. Kusimama upande ule mwingine ni jambo tofauti. Unawaona rafiki zako wakija mmoja mmoja, unajua watasema nini, na huwezi kuwachukia kwa sababu unaona jinsi wanavyotetemeka. Ijumaa ile Al-Shumaisi nilipofika mahali pa kuomba msamaha, niliwageukia waliokaa sakafuni. Kisha nikayasema maneno yale kwa sauti kubwa kuliko dereva alivyowahi kuyasema, dirisha likiwa wazi.