Mchonga Funguo Aliyekohoa Kila Jumapili

Saa mbili asubuhi, mchonga funguo anabana ufunguo mpya kwenye jiliwa, anaupitisha tupa, anaupuliza. Kibanda chake kinatosha mtu mmoja na nusu. Mtaani wanamwita Meno, kwa sababu ya meno ya funguo.

"Kuna bibi alikuja ameshika shavu," anacheka. "Nikamwambia, mama, mimi natibu vyuma tu."

Dada mmoja anamnyooshea ufunguo. Meno anaugeuza, anamrudishia.

"Hii ni nakala, dada. Niletee ufunguo mama, ule wa kwanza."

"Kwani huu haufungui?"

"Unafungua kwa kubembelezwa. Nikiufuatisha, kosa lake naliongezea langu."

Kwenye chuma alilijua hilo miaka ishirini na mbili. Kwenye moyo alichelewa.

Miaka sita iliyopita alifanya kazi hapa na mdogo wake. Nyumba ya jirani aliyechongesha ufunguo hapa ikaibiwa bila mlango kuvunjwa, watu wakakizunguka kibanda. Meno akalala rumande siku tatu, mpaka mwizi mwenyewe akakamatwa. Kutoka funguo arobaini kwa siku akabaki na nne. Mdogo wake akahama mji.

"Kila aliyekaa hapa nilimsimulia," anasema Meno. " Mdogo wangu alisimama mbele ya umati akasema mimi ndiye mwizi."

Akabadilisha kitasa cha nyumbani ili ufunguo wa mdogo wake usiingie tena. Kanisani, sala ikifika pale pa kuwasamehe waliotukosea, alikuwa anakohoa.

"Kikohozi gani hiki kinachoijua Jumapili?" mkewe alimwuliza.

Mwezi uliopita akaisimulia tena, safari hii mbele ya mama yake. Mama akaweka kikombe chini.

"Hakusema hivyo, mwanangu. Nilikuwepo. Alisema, 'Mimi sijui, amechonga kaka.' Basi. Na alikuwa anatetemeka."

Miaka yote hiyo alikuwa anachonga nakala ya nakala.

"Kosa lipo," anasema. "Alitakiwa asimame na mimi, akaogopa. Lakini nilikuwa namwomba Mungu anilipizie kosa nililolichonga mwenyewe. Nikapiga magoti, nikamsamehe lile alilolifanya kweli. Lilikuwa dogo, na ndilo lililonitoa jasho."

Akapiga simu.

"Kaka?"

"Ndiyo. Umeshakula?"

Upande wa pili, mdogo wake akaanza kulia.

Hasira haijaisha yote. Mtu akimtania habari za rumande, tupa inakwenda kasi. Huiweka chini, akaomba kimoyomoyo, ndipo akaishika tena.

Anataka kukipanua kibanda kiwatoshe wawili, mdogo wake akikubali kurudi. Jumamosi anakuja na wanawe. Ufunguo ulio kwenye jiliwa ni wake, umechongwa kutoka ufunguo mama wa nyumbani, na leo unapanda basi kumfuata.

Meno hajaujaribu mlangoni.

"Ataujaribu mwenyewe," anasema. "Nimeshamkataza kupiga hodi."