Mtumbwi wa Mjane wa Gatini

Miaka ile ya sitini maji ya ziwa yalikuwa yamepanda na kumeza sehemu ya ufuko wa Homa Bay, hata mitumbwi ya kukodisha ikafungwa karibu na ukuta wa ghala. Jumapili makarani na walimu walikuja kuikodi, wakapiga kasia hadi kwenye mafunjo na kurudi. Mtumbwi mmoja tu haukuguswa. Mwenyewe alikuwa amefariki kwa homa, na pale gatini walisema chombo cha marehemu hubaki chake mpaka mtu wa mbali, ambaye marehemu hakumjua, akipeleke majini na kurudi nacho.

Mtu wa mbali nilikuwa mimi. Nilikuwa Mkuria wa Kegonga, nimemaliza chuo kikuu juzijuzi, nangoja kupangiwa kazi. Nilienda gatini kila jioni kwa sababu chumbani mawazo hayakuniacha. Huko ndiko mjane wa mwenye mtumbwi ule alikonifuata.

“Nyathina,” aliniita, kama mama amwitavyo mwanawe, “shemeji zangu wanakuja Jumapili kuuchukua mtumbwi. Wakiukuta una wateja, wataniachia. Wakiukuta umekauka pale, basi.”

“Mama, mimi sijui kuogelea.”

“Nani amekuambia uogelee?”

Usiku ule sikulala. Je, nikizama? Je, nisizame, lakini mtumbwi ukatae kurudi? Na kama marehemu hanijui, atajuaje kwamba sikuja kuuiba? Swali hilo la mwisho ndilo lililonisumbua hadi asubuhi.

Mchana vijana wa gatini walinisukuma majini huku wakicheka.

“Omera, ndugu yangu, hiyo ni kasia, si fimbo ya kuchungia!”

“Mkuria, ukiona ng’ombe huko, tuletee mmoja!”

Mtumbwi ulizunguka, ukagonga nguzo, kisha ukanyooka. Sikuunyoosha mimi, najua nilivyokuwa nikipiga kasia. Kicheko kikakoma. Nilikuwa nimeketi katikati, lakini mbele kulikuwa kumeinuka kidogo, na nyuma kumezama, kama penye uzito. Nilijiambia ni maji yaliyovuja. Sikuthubutu kugeuka nione kama kweli ni maji. Nilipofika kwenye mafunjo niliomba radhi kwa Kiswahili, halafu kwa Kikuria, kwa sauti ndogo, bila kujua ni lugha ipi ingeeleweka. Kisha nikaanza kurudi.

Mjane aliingia majini hadi magotini akaukamata mtumbwi. Hakuniuliza kama niliogopa.

“Alikaa wapi?”

Mimi, ambaye hata chai siagizi bila kufikiri mara mbili, nilijibu hapohapo: “Nyuma yangu.”

Hadi leo sijui kama nilisema kweli. Yeye aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama aliyeletewa habari kwamba msafiri wake amefika salama.

Jumapili shemeji zake walipokuja, walikuta makarani wamebanana mtumbwini, wanagombania kasia. Mmoja alinyanyuka ahamie nyuma, kulikokuwa na nafasi.

“Hapo pana mtu,” mjane alisema.

Makarani walicheka. Shemeji hawakucheka. Mkubwa wao alivua kofia, akaitazama ile nafasi tupu kwa muda mrefu, kisha akawaambia wenzake warudi nyumbani.