Elfu Tano na Mia Saba

Yosefina alipojiunga na lile duka jipya la jumla la Ifakara, hesabu alikuwa ameshaipiga. Alikuwa amekaanga maandazi Lumemo kwa miaka kumi na minne, na alijua kwa mwezi ananunua vitu vya laki mbili na nusu. Ada ya uanachama ilikuwa elfu arobaini kwa mwaka. Ukilipa kwa kadi ya benki, asilimia mbili ya manunuzi ilikuwa inarudi mwisho wa mwaka.

"Mama, ada inajilipa yenyewe," Aneth, binti aliyekuwa akiandikisha wanachama, alimwambia.

Kweli, kwenye hesabu ya Yosefina ilijilipa: elfu sitini kwa mwaka. Toa ada, zinabaki ishirini. Akafungua akaunti benki, akachukua kadi, na mwaka mzima hakununua kwingine.

Mwaka ulipoisha alikwenda kuchukua chake. Msimamizi wa duka, Fulgensi, akabonyeza kompyuta.

"Elfu tano na mia saba."

"Rudia kuangalia, baba."

"Ndiyo hiyo. Unga, sukari na mafuta ya kupikia havimo. Vinavyohesabiwa ni sabuni, majani ya chai, vikombe, vitu kama hivyo. Imeandikwa nyuma ya fomu."

Yosefina aliigeuza fomu. Maandishi yalikuwa madogo kama mayai ya chawa, tena kwa Kiingereza.

"Mimi nakaanga maandazi," alisema, sauti ikipanda. "Mlipoona naondoka na unga kila wiki, mlidhani napikia sabuni?"

Watu waliokuwa kwenye foleni wakageuka. Fulgensi akatabasamu, na tabasamu hilo ndilo lililomchoma zaidi. "Mama, panda daraja la juu. Ada elfu themanini, unarudishiwa asilimia nne."

"Asilimia nne ya sabuni!" Aliitupa kadi ya uanachama juu ya meza na kutoka. Alifungua kufuli ya baiskeli, akaondoka.

Kesho yake alimkuta Aneth chini ya mwavuli karibu na soko, akiandikisha watu.

"Shikamoo mama."

Yosefina hakuitikia. Aliwageukia watu. "Muulizeni kama unga umo! Muulizeni sukari na mafuta!"

Wanawake wawili waliuliza, wakasikia jibu, wakaondoka. Machozi yakamlengalenga Aneth. "Mama, nalipwa kwa kila anayejiunga. Hata mimi hiyo fomu sikusomewa."

"Ungesema hujui. Hukusema hujui. Ulisema inajilipa."

Yosefina alimwonea huruma kidogo, na huruma hiyo ikamwongezea hasira, maana Fulgensi, aliyestahili kusimama pale kwenye joto, alikuwa ofisini kwenye feni.

Akaja Fransisko, muuza sabuni wa Katindiuka, akauliza kama yeye ajiunge.

Yosefina alitamani kusema hapana. "Kwa mwezi unanunua sabuni ya kiasi gani?"

"Laki nne."

Akahesabu kimoyomoyo. Elfu tisini na sita kwa mwaka. "Wewe itakulipa," alisema kwa uchungu. "Lakini waandike hapo kwa Kiswahili kwamba sabuni imo, na waweke sahihi."

Aneth akaandika. Yosefina akapanda baiskeli kwenda kutafuta unga kwingine, bado akisonya.