Mvinje wa Mlangoni

Tarehe 24 Desemba 1960, Jumamosi, mvua ya vuli ilianza alfajiri na haikuwa na haraka. Ilikuwa nyepesi, bila upepo. Karafuu zilizoanikwa zikakusanywa mbio na kufunikwa kwa majamvi, na kijiji chetu kizima cha Wawi, kule kisiwani, kikanuka karafuu zilizoingia unyevu, harufu kali inayokaba koo. Shule niliishia darasa la nne na tarehe si jambo ninaloliweza sana, kwa hiyo kama nimekosea, nimekosea mwaka, si mvua.

Nyumbani tulikuwa baba, mama na mimi, nikiwa msichana wa miaka tisa hivi. Babu mzaa baba alikuja kutoka bara kuchuma karafuu, akapewa pahala pa kujenga katika shamba la Mzee Hamdu, nasi tukabaki hapo hapo. Tulikuwa Wakristo peke yetu upande ule na sikumbuki mtu kutusumbua kwa hilo. Ruhusa yetu ya kukaa ilikuwa na mpaka mmoja ambao hata watoto waliujua: muhogo, viazi, migomba, pandeni mtakavyo, lakini mti wa kudumu, hapana. Aliyepanda mti alikuwa na haki yake katika mti ule, na mtu mwenye mti wake shambani kwako si rahisi kumwambia ahame. Sasa mwaka ule Mzee Hamdu alikuwa amemwambia baba kwamba wanawe wameoa na wanataka pa kujenga, na kwamba karafuu zikipungua atakuja kusema tutakaa au tutahama. Akatuma salamu kuwa atapita Jumamosi hiyo. Sidhani alijua ni mkesha wa Krismasi.

Mama aliona ni bahati. Kila mwaka tuliipamba nyumba, lakini mwaka ule alipamba kwa ajili ya sikukuu na kwa ajili ya Mzee pia. Alisema akiikuta nyumba inatunzwa atasita kuibomoa. Kuta za udongo tulizipaka chokaa iliyotiwa bluu kidogo ya kufulia ili weupe utoke. Baba alichana makuti mabichi akayakunja upinde juu ya mlango, mimi nikachomeka maua mekundu ya mkrismasi, na tukakata nyota kwa karatasi za fedha za pakiti za sigara, ambazo nilikuwa nimeziokota dukani tangu Ramadhani. Jirani yetu Bi Mize alipita na sinia ya asumini kichwani, akasimama kututazama.

"Mama Tabu, mie naona arusi hapa. Anaolewa nani?"

"Haolewi mtu, Bi Mize. Anazaliwa mtu."

"Ah, basi mngenambia mapema nikaja na uji wa mzazi."

Akacheka, akaketi barazani, akatutungia mashada ya asumini bila kuombwa. Nimekula sikukuu nyingi tangu hapo na sijapata kuona mlango uliopendeza kama ule.

Ulibaki mti wa Krismasi. Miaka yote baba alikuwa akikata tawi la mvinje, mti wa ufukweni wenye majani kama sindano, na kulisimika ndani ya debe la mchanga, nalo siku ya pili linaanza kupukutika. Safari hii mama alitaka lililo hai, maana Mzee angeuona mti kabla ya kitu kingine chochote. Baba akang'oa mche mzima, na mizizi yake, urefu kama wangu. Debe lilikuwa limetoboka. Basi akachimba shimo kando ya mlango, akausimika, akashindilia udongo kwa kisigino. Mvua ikausaidia. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini watu watatu wazima, nikimhesabu Bi Mize, hawakuona walichokuwa wakikitazama. Nadhani kwao ule haukuwa mti, ulikuwa pambo.

Mzee Hamdu alikuja baada ya alasiri, na mwavuli wake. Alipiga hodi kwa adabu, akaulizia afya zetu mmoja mmoja, hata yangu. Aliutazama upinde, akasema mmeipamba mkapamba. Niliona mabega ya mama yakishuka kwa faraja. Kisha Mzee akaushika mvinje kwa vidole viwili, akautikisa kidogo. Haukuyumba.

"Huu mmeupanda?"

"Wa sikukuu tu, Mzee," baba akasema. "Siku mbili tatu tunautoa."

"Wa sikukuu, mbona una mizizi?"

Bi Mize ndiye aliyejaribu kututetea. "Mzee nawe, mvinje una tunda gani? Nani atadai mvinje?"

"Leo mvinje, Bi Mize. Kesho mnazi." Hakupandisha sauti. Akamgeukia baba. "Kuleni sikukuu yenu kwa amani. Mwezi ukiandama, mtanipisha."

Akafungua mwavuli, akaenda zake. Sitaki kumdhulumu. Huenda alikuja na jibu lake tayari mfukoni na mvinje ukampa pa kulianzia tu. Huenda pia alikuja kutuambia tukae. Baba aliamini la kwanza, mama la pili, na hawakukubaliana mpaka walipokufa, huko Tanga, katika vyumba vya kupanga. Mzee naye baadaye, mapinduzi yalipogeuza mambo, aliondolewa katika shamba lile lile, na wanawe hawakujenga. Niliposikia nilitafuta furaha moyoni nisiione. Nilirudi Wawi mara moja tu. Pale mlangoni petu palikuwa na vichaka, na niliyemuuliza hakujua kama kuliwahi kuwa na nyumba.

Siku hizi mjukuu wangu husimamisha mti wa plastiki wenye taa, unaokaa juu ya miguu ya chuma. Ni mti mzuri, wala haumtii mtu mashakani. Mimi hukaa kitini nikauangalia, kisha huomba uzimwe mapema. Nyumba hiyo nayo ni ya kupanga.

Jioni ile, Mzee alipokwisha kwenda, baba aliung'oa mvinje, ukatoka na bonge la udongo, akaulaza nyuma ya nyumba. Nyota zangu hakuna aliyezibandua. Mama alichukua jembe akaingia kwenye muhogo wetu, ambao ulikuwa bado miezi mingi, akaung'oa mashina kadhaa, akasema hauna haja tena ya kukua. Kuku wa Krismasi alibaki tengani, hakuna aliyemtaja. Tulikula muhogo ule mchanga, mwembamba kama vidole, umechemshwa kwa chumvi.